Kifo cha Jagina katika Mighani: Siri, Imani na Urathi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, ukimtaka mtahiniwa wa kidato cha nne aeleze sifa za mighani, aghalabu atazitaja bila kusita: mhusika mkuu ni jagina, jagina huyo ana nguvu zinazopita za binadamu wa kawaida, huipigania jamii yake, husalitiwa na mtu wake wa karibu, hatimaye hufa. Majibu haya yana alama zake na hatuna haja ya kuyabeza. Hata hivyo, sifa hiyo ya mwisho hupitiwa kwa haraka mno. Mwanafunzi huandika "jagina hufa", akatia nukta, akaendelea na swali linalofuata.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kifo cha jagina ndicho kitovu cha mighani. Shujaa anapokufa ndipo jamii inapofichua inamwogopa nani, inaamini nini, na ingependa kubaki na nini baada ya shujaa kuondoka. Tutatumia mighani mbili za Kenya, yaani ile ya Fumo Liyongo wa pwani na ile ya Lwanda Magere wa Kano, kisha tutazilinganisha kwa muhtasari na mighani ya Ragnar Lodbrok, kiongozi wa Waviking wa Ulaya ya Kaskazini. Mifano ya ufundishaji tumeielekeza kwa madarasa ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda. Sababu ya kufanya hivyo itabainika tutakapofikia suala la usaliti.

Mighani ni nini?

Mighani, ambazo baadhi ya vitabu huziita visakale, ni masimulizi ya kale yanayohusu mashujaa wa jamii fulani. Msimulizi na hadhira yake huyachukulia kuwa yalitendeka. Hapo ndipo mighani inapotofautiana na hurafa au hekaya: hakuna anayeamini kwamba sungura aliwahi kumhadaa fisi kwa maneno matamu, lakini mzee wa Kano atakuonyesha jiwe, naye mwenyeji wa Kipini atakuonyesha mahali pa kaburi. Mighani basi ina kiini cha kihistoria kilichofunikwa kwa chuku. Kazi ya mhakiki haimo katika kuikagua chuku hiyo kama hakimu anayetafuta uongo. Kazi yake ni kuuliza chuku hiyo inafanya nini. Kwa nini jamii hii ilimpa shujaa wake mwili wa jiwe, na ile ikampa mwili usiodhurika ila kwa sindano?

Majagina watatu na vifo vyao

Tuanze kwa kukumbushana visa vyenyewe.

Fumo Liyongo alikuwa malenga na mpiga upinde hodari wa pwani ya kaskazini ya Kenya, katika nchi ya Pate, Shaka na Ozi. Edward Steere alichapisha hadithi yake mwaka wa 1870, na mwaka wa 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akaitunga kwa bahari ya utenzi. Sultani wa Pate anamhofia Liyongo kwa kuwa watu wanampenda. Anajaribu kumwua msituni kwa hila ya kuchuma makoma kwa zamu, kila mmoja akipanda mkoma siku yake. Zamu ya Liyongo inapofika, anayaangusha makoma kwa mishale bila kupanda mti. Anafungwa gerezani; mama yake anamtumia tupa iliyofichwa ndani ya mkate, naye anaikata minyororo huku ngoma ya gungu ikirindima nje. Mwishowe sultani anamtumia mwanawe mwenyewe, kwa ahadi ya cheo na ndoa. Kijana anamwuliza baba kitu kinachoweza kumwua. Anajibiwa: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Kijana anaitumia baba akiwa usingizini. Liyongo anazinduka, anatwaa upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta uta. Anafia hapo katika hali hiyo ya kulenga. Kwa siku kadhaa watu wa mji hawathubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Mama yake anaombwa aje kumbembeleza. Hatimaye mwili unaanguka ndipo watu wanapojua.

Lwanda Magere alikuwa mpiganaji wa Waluo wa ukoo wa Sidho, Kano. Jina Lwanda maana yake ni mwamba. Mikuki na mishale ya maadui, ambao Waluo waliwaita Lang'o, iligonga mwili wake na kuanguka. Maadui walipochoka kushindwa vitani, walimletea binti mrembo awe mke wake kama ishara ya amani. Wazee walimwonya, hakusikia. Siku moja aliugua na kumwambia mke huyo amchanje dawa, si mwilini bali kwenye kivuli chake. Damu ikatoka kwenye kivuli. Mke akatoroka usiku na kuwapelekea watu wake habari hiyo. Katika vita vilivyofuata kivuli kilichomwa mkuki, Magere akaanguka na kugeuka jiwe.

Ragnar Lodbrok tunamleta hapa ili tuone kwamba muundo huu haujui mipaka ya bara wala dini. Waviking walikuwa mabaharia na wapiganaji wa Skandinavia waliozivamia pwani za Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 hadi karne ya 11. Wanahistoria wanatilia shaka kama Ragnar alikuwa mtu mmoja au ni majina na matendo ya watu kadhaa yaliyounganishwa, jambo ambalo mwalimu wa fasihi simulizi hatalishangaa. Kisa chake kinasema kwamba alikwenda Uingereza akiwa na merikebu mbili tu, akashindwa na Mfalme Ælla wa Northumbria, akatupwa katika shimo la nyoka. Nyoka hawakumwuma kwa sababu alivaa shati la ajabu alilopewa na mkewe. Maadui walipomvua shati hilo, aliumwa akafa, huku akitabiri kwamba wanawe watalipiza.

Siri ya kifo

Utaona kwamba katika visa vyote vitatu jagina ana mlango mmoja wa kifo: kitovu, kivuli, shati. Mtahiniwa akiishia kusema "jagina ana siri", hajasema mengi. Mhimize aulize siri hiyo iko wapi na kwa nini iko pale.

Kitovu ndiyo alama ya mtu kuunganishwa na mamaye. Ni mahali mtu alipoanzia kuishi, na ndipo Liyongo anapouawa, tena na mtu aliyetoka kwake mwenyewe. Kisa chote kinazunguka uzazi: mama anaokoa, mwana anaua. Kivuli nacho hakishikiki, hakivuliwi, hakifichiki jua linapowaka. Mtu mwenye mwili wa jiwe anashindwa na kitu kisicho na mwili kabisa. Mighani ya Magere inasema, kwa njia yake, kwamba hakuna nguvu isiyoandamana na udhaifu wake. Udhaifu huo humfuata mwenye nguvu popote aendapo. Shati la Ragnar ni kitu cha kuazimwa: nguvu zake za mwisho zilitoka kwa mkewe, na zilipovuliwa alibaki mtu kama watu wengine.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba siri hutolewa na jagina mwenyewe. Katika utenzi, Liyongo anahisi kwamba mwanawe ametumwa. Hata hivyo anamwambia. Magere hakulazimishwa, ugonjwa ulimfanya amtegemee aliye karibu. Hapa mwanafunzi anaweza kujadili iwapo jagina anakufa kwa upumbavu au kwa utu. Baba asiyeweza kumnyima mwanawe jibu, na mgonjwa asiyeweza kujichanja mwenyewe, wote wawili wanatukumbusha kwamba shujaa ni binadamu. Swali hili huzua mjadala mkali darasani, na mjadala huo huwafunza wanafunzi kutoa hoja na kuithibitisha.

Ni nani msaliti?

Sasa tufikie suala ambalo kwalo tumewaelekea walimu wa Busia na Malaba.

Kaunti ya Busia ina Iteso, Abakhayo, Abamarachi, Abasamia na Abanyala, pamoja na Waluo, Wabukusu na wengineo. Iteso na Abasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka. Wakati masimulizi ya Magere yalipoanza kutambwa hapakuwa na mpaka hapa. Mwaka wa 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ndipo mstari ukapita katikati ya jamaa waliokuwa wakioana, wakizikana na kuuziana ng'ombe. Wangali wanaoana. Katika darasa lolote la Malaba kuna mwanafunzi ambaye mama yake alitoka upande wa Tororo, na katika darasa la mjini Busia kuna ambaye nyanya yake hazungumzi lugha ya babu.

Mwanafunzi huyo anapofundishwa mighani ya Lwanda Magere, anasikia kwamba mke aliyeletwa kutoka jamii nyingine ni jasusi. Mwalimu akiyasoma masimulizi hayo na kuandika ubaoni "funzo: tusioe kwa maadui" au "wanawake hutoa siri", amewaambia wanafunzi kadhaa jambo zito kuhusu mama zao bila kukusudia. Tena atakuwa ameukosea uhakiki wenyewe. Tueleze jinsi alivyoukosea.

Kwanza, mighani husimuliwa na upande mmoja. Masimulizi ya Magere tuliyo nayo ni ya Waluo, kwa hiyo binti yule anaitwa msaliti. Lakini mwulize mwanafunzi: fanani wa jamii ya binti huyo angeisimulia vipi? Kwao angekuwa msichana aliyejitoa mhanga, akaingia nyumba ya adui peke yake, akawaokoa watu wake waliokuwa wakimalizwa vitani. Wanafunzi waliosoma Biblia wataelewa upesi ukiwakumbusha Kitabu cha Waamuzi. Katika kitabu hicho kimoja Delila analaumiwa kwa kutoa siri ya nywele za Samsoni, naye Yaeli anasifiwa kwa kumwua Sisera aliyelala hemani mwake. Wanawake wote wawili walimwangusha mpiganaji aliyewaamini. Kilichowatofautisha ni upande wa msimulizi. Mwanafunzi wa mpakani, ambaye kila siku ya soko huona jinsi mtu anavyoitwa mgeni huku na mwenyeji kule kwa kuvuka hatua chache tu, ana uwezo wa kuliona jambo hili kuliko mwenzake wa mbali. Mwalimu autumie uwezo huo.

Pili, ukiziweka mighani hizi tatu pamoja, kauli kwamba "wanawake huwasaliti majagina" inaanguka. Msaliti wa Liyongo ni mwanawe wa kiume. Mwanamke katika kisa hicho ndiye anayemwokoa gerezani, na kijakazi anayebeba mkate ndiye anayepita mbele ya walinzi. Mke wa Ragnar ndiye mwenye kumkinga. Ni Magere pekee anayeangushwa na mke. Mtahiniwa anayeandika kwamba usaliti wa mwanamke ni sifa ya mighani zote anajumlisha kutokana na mfano mmoja. Aandike kwamba usaliti wa mtu wa karibu ni motifu ya mighani, kisha aonyeshe kwamba kila jamii humteua msaliti kulingana na hofu yake. Mji wa kisultani, ambako ugomvi wa kurithi kiti ulikuwa jambo la kawaida, ulihofia jamaa na wana. Jamii iliyopakana na maadui na kuoana nao ilihofia ndoa ya upande wa pili. Hapa ndipo alama za uchambuzi zilipo.

Imani: ni ya jagina au ni ya msimulizi?

Kila kifo kikubwa katika fasihi huleta swali la imani. Aliyekufa amekwenda wapi? Nani aliyekadiria siku yake? Katika mighani swali hili lina ugumu wake, kwa sababu aghalabu anayesimulia haamini kama alivyoamini anayesimuliwa.

Chukua Ragnar. Yeye na watu wake wanasawiriwa wakiamini kwamba mpiganaji aliyekufa kwa ujasiri hukaribishwa katika ukumbi wa mungu Odin, akala na kunywa na mashujaa wenzake. Kwa imani hiyo anakufa akicheka. Lakini kisa hicho kiliandikwa Iceland katika karne ya 13, na watu wa Iceland walikuwa wameupokea Ukristo tangu mwaka wa 1000 hivi. Mwandishi Mkristo anamheshimu babu asiye Mkristo, anahifadhi imani ambayo yeye mwenyewe ameiacha, wala hambatizi kwa lazima.

Linganisha na Liyongo. Kijumwa alikuwa Mwislamu wa Lamu, na utenzi wake unafuata desturi ya tenzi za Kiswahili kwa kuanza na jina la Mwenyezi Mungu. Kwa imani hiyo, ajali ya mja imo mikononi mwa Mungu. Na bado ndani ya utenzi huo huo kuna mwili usiodhurika ila kwa sindano ya shaba, jambo linalotokana na tabaka la imani kongwe zaidi kuhusu madini, hirizi na kinga. Tabaka hizi mbili zinakaa pamoja bila kugombana. Mwalimu amwonyeshe mwanafunzi kwamba hilo si kosa la mtunzi. Hivyo ndivyo jamii zinavyoishi. Hata Busia, familia inayomzika mzee wao kwa ibada ya kanisa huenda jioni ikaketi na kusikiliza mambo ya mizimu na ukoo.

Magere hana pepo wala ukumbi wa mashujaa. Anageuka jiwe, anabaki Kano. Imani iliyomo ni ya ardhi na ya watu waliotangulia: uhai wa mtu unaweza kukaa nje ya mwili wake, ndani ya kivuli, na mfu mkubwa haondoki, huwa sehemu ya nchi.

Mtahiniwa ajihadhari na sentensi kama "Liyongo aliamini" au "Ragnar aliamini", kana kwamba tumewahoji. Ni salama zaidi, na ni sahihi zaidi kiuhakiki, kuandika "msimulizi anamsawiri jagina akiamini". Maneno hayo machache yanamwonyesha mtahini kwamba umetofautisha mhusika, mtunzi na jamii.

Urathi: nini kinabaki?

Jagina akishakufa jamii hubaki na kitu. Kitu hicho hutofautiana, na tofauti hiyo ndiyo inayotuambia kila jamii ilithamini nini.

Liyongo aliacha sauti. Mashairi na nyimbo za gungu zinazohusishwa na jina lake ziliimbwa kwa karne nyingi katika arusi na ngoma za waungwana. Kipini, karibu na mahali Mto Tana unapomwaga maji baharini, wenyeji huonyesha panaposemekana kuwa kaburi lake. Lakini tusisahau picha ile ya kisimani. Maiti imepiga goti, upinde umevutwa, mji mzima una kiu. Watu hawa ndio walionyamaza sultani alipomwinda shujaa wao. Sasa wanakosa maji. Mighani haiwahubirii, inawaweka tu mbele ya kisima wasichoweza kukifikia. Jamii inayomwacha shujaa wake auawe hupata hasara katika kitu cha lazima kabisa kwa uhai. Naye mwana aliyetumwa hakufaidi tuzo aliyoahidiwa. Haya ni maudhui mazito, nayo hukosekana katika majibu mengi.

Magere aliacha jiwe. Wasimulizi wa Kano wanaeleza kwamba wawindaji walinolea silaha zao kwenye jiwe hilo kabla ya kuingia porini, wakiamini kwamba mawindo yatapatikana. Shujaa wa vita amekuwa kinoo. Nguvu zake zimegeuka kutoka kuua adui zikawa za kulisha watoto. Hayo ni mabadiliko makubwa, na mwanafunzi anayeyaona ameuona uzuri wa mighani hii.

Ragnar aliacha kisasi. Jeshi kubwa la Waviking lilitua Uingereza mwaka wa 865, likautwaa mji wa York mwaka wa 866, na Mfalme Ælla akafa vitani huko mwaka wa 867. Mambo haya ya kihistoria mighani iliyaeleza kuwa ni wana wa Ragnar wakilipia damu ya baba yao. Urathi wa namna hii hutuliza uchungu wa waliofiwa kisha huzaa makaburi mengine.

Sauti, ardhi, kisasi: ukiziweka tatu hizi ubaoni, wanafunzi wataanza wenyewe kuuliza ni urathi upi unaofaa. Katika eneo ambalo jamii nyingi zinapakana, na katika nchi iliyoona vita vya kikabila baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwalimu hana haja ya kuwafunga midomo. Waongoze tu wathibitishe kauli zao kwa matukio ya mighani.

Urathi wa jagina unaweza pia kuvuka mipaka ya kabila lake. Tamthilia ya Kiingereza iitwayo Lwanda Magere, iliyochapishwa mwaka wa 1991, iliandikwa na Okoiti Omtatah, mzaliwa wa Busia ambaye mwaka wa 2022 alichaguliwa kuwa seneta wa kaunti hiyo. Shujaa wa Kano alipata mwandishi wake Busia. Mfano huu umjibu mwanafunzi anayesema kwamba mighani ya kabila jingine haimhusu.

Kwenda nyanjani Busia na Malaba

Fasihi simulizi haikamiliki vitabuni. Mwalimu wa Amagoro, Chakol, Matayos au Funyula anaweza kuwatuma wanafunzi wake wakusanye masimulizi ya mashujaa kutoka kwa wazee wa nyumbani. Waagize watafute idhini ya mzee kwanza, waeleze watakachofanya na masimulizi yake, na waandike ni nani aliyesimulia, wapi na mbele ya nani. Baada ya hapo wamwulize maswali manne tuliyoyashughulikia: Alikufaje? Nani alihusika? Inaaminiwa alikwenda wapi? Ameacha nini?

Wakati mwingine watapata mighani ambayo bado inaumbika. Kwa jirani zao wa Bungoma kuna masimulizi juu ya Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Musambwa, aliyefariki mwaka wa 1987. Maisha yake yamo katika kumbukumbu za serikali: alipinga ukoloni miaka ya 1940, akakamatwa mwaka wa 1948, akapelekwa kizuizini Lamu hadi karibu na uhuru. Lakini wasimulizi humwongezea unabii na maajabu ambayo hayamo katika majalada. Hapa mwanafunzi anaona kwa macho yake jinsi mapisi yanavyoanza kuvaa chuku. Wabukusu pia wana kumuse, hotuba ya hadhara inayotolewa na msemaji maalumu baada ya mazishi ya mzee wa heshima. Mwanafunzi aliyewahi kuisikiliza anajua tayari kwamba kifo cha mkubwa ni wakati wa jamii kujieleza upya: ilitoka wapi, imekosea wapi, iende wapi. Hiyo ndiyo kazi ya mighani.

Swali la mfano

"Kifo cha jagina hufichua mengi kuhusu jamii yake kuliko ushindi wake." Thibitisha kauli hii ukirejelea mighani moja uliyoisoma. (alama 10)

Jibu dhaifu litasimulia kisa cha Liyongo kuanzia makoma hadi kisima, kisha liseme kwamba alikuwa shujaa. Hilo ni kusimulia, na swali limesema thibitisha. Jibu lenye nguvu litakuwa na hoja nne au tano, kila hoja ikiwa na tukio na maelezo. Kwa mfano:

Kuuawa kwa Liyongo na mwanawe kwa ahadi ya cheo kunafichua tamaa ya madaraka katika jamii ya kisultani. Sindano ya shaba kitovuni inafichua imani ya kale kuhusu kinga za mwili, inayoishi pamoja na imani ya Kiislamu ya mtunzi. Kushindwa kwa watu kuteka maji kunafichua hatia ya jamii iliyonyamaza shujaa alipowindwa. Kuitwa kwa mama ili ambembeleze kunafichua nafasi ya mama kama mtu pekee anayeaminiwa na jagina. Kufa akiwa amevuta upinde kunafichua kwamba jamii ilithamini ujasiri hata baada ya uhai kukoma.

Kila sentensi hapo ina tukio upande mmoja na maana upande wa pili. Mtahiniwa akizoea kuandika hivyo, hatahitaji kukariri orodha ndefu ya sifa. Swali lile lile anaweza kulijibu kwa kutumia Magere, au jagina wa kijijini kwake, mradi amtaje kwa jina, ataje jamii yake, na athibitishe.

Tamati

Tumejaribu kuonyesha kwamba sentensi "jagina hufa" ndiyo mwanzo wa uhakiki wa mighani. Siri inatuambia jamii iliuona wapi udhaifu wa binadamu. Msaliti anatuambia jamii ilimhofia nani, na anatudai tuulize ni nani anayesimulia. Imani inatudai tumtenganishe mhusika na mtunzi. Urathi unatuambia watu waliamua kukumbuka kwa sauti, kwa ardhi au kwa kisasi. Mwalimu wa Busia na Malaba ana wanafunzi ambao nyumba zao zina lugha mbili na jamaa wa pande mbili. Awaulize wamsimulie binti yule aliyeingia nyumba ya Magere, kwanza kwa kinywa cha Kano, kisha kwa kinywa cha watu wake, na awape nusu saa ya kuandika. Madaftari hayo yatamwonyesha nani ameanza kuhakiki.